Kamera Ilipobaki Kitui

Mathee si mtu wa dokumentari. Kwake runinga ni habari za saa moja jioni, ibada ya Jumapili, na vile vipindi vya mapenzi kutoka ng'ambo vilivyotiwa sauti za Kiswahili. Lakini jioni moja stima ilirudi baada ya kupotea mchana kutwa, mimi nilikuwa na filamu kwenye flashi niliyopewa na rafiki, naye alikuwa ameketi kejani kwetu Kayole akikatakata sukuma. Nikamwambia, "Mama, kuna filamu hapa ya watu wa Kitui." Akasema niweke, atasikiliza tu huku mikono ikifanya kazi.

Baada ya dakika kumi hivi kisu kilikuwa kimelala kwenye sinia. Mama alizaliwa upande wa Mwingi na alikuja Nairobi akiwa msichana, msimu ambao mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Sasa kwenye skrini kulikuwa na mtu wa huko kwao, mkulima, akijipiga picha mwenyewe na kuongea na kamera kama mtu anayempa jirani habari za shamba. Mama alikuwa anamjibu. Kwa Kikamba. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya chini ya skrini, yeye hakuyahitaji.

Filamu yenyewe ni Thank You for the Rain, ya mwaka 2017. Mwongozaji ni Julia Dahr kutoka Norwei, na mkulima ni Kisilu Musya. Nimeiona mara nne sasa. Nataka kuiongelea kwa sababu ni mojawapo ya filamu bora nilizowahi kuona kuhusu watu wa nchi hii, na kwa sababu ubora wake wenyewe unanisumbua. Sehemu zinazoifanya iwe bora ni zile ambazo mgeni hayupo.

Risto ni rahisi kueleza. Kisilu analima mahali ambapo mvua haiaminiki. Dahr anakuja na mpango wa kutengeneza filamu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kisilu anapata kamera na anaanza kuweka shajara ya video: familia, shamba, majirani, ukame, kisha mvua inayokuja na hasira zake. Kuna dhoruba inayoiharibu nyumba yake, na baada ya hapo uhusiano kati ya mkulima na mtengeneza filamu unabadilika. Kazi nzima ilichukua kama miaka 5. Kisilu anawashawishi majirani wapande miti na wabadilishe namna ya kulima, anakuwa kiongozi wa watu wake, halafu safari inampeleka Ulaya hadi mkutano wa tabianchi wa Paris, mwezi Desemba 2015.

Ukisikia muhtasari huo unaweza kudhani umeshaiona. Mwafrika maskini, mzungu mwenye roho safi, ndege, jukwaa, makofi. Sisi tuliokulia Eastlands tunaijua hiyo form. Kamera zimepita kwenye mitaa yetu tangu tukiwa wadogo: zinataka takataka za Dandora, zinataka watoto wakicheka karibu na mtaro, zinataka kijana mmoja aliyekuwa mwizi na sasa ni msanii. Tulijifunza mapema kusimama pale mwanga ulipo.

Kinachoiokoa Thank You for the Rain ni kwamba Kisilu hakusimama alipowekwa. Yeye ndiye aliyeamua awashe kamera lini na aizime lini. Akiielekeza kwa watoto wake, unaona watoto wanaotazamwa na baba yao, na uso wa mtoto anayetazamwa na baba yake hauwezi kuigizwa mbele ya mgeni. Akiongea peke yake kuhusu mvua, haongei kama shahidi aliyeitwa kuthibitisha hoja ya mtu mwingine. Anafikiri kwa sauti. Wakati mwingine ana matumaini asubuhi na jioni hana. Filamu nyingi za aina hii humpa mtu kama yeye hisia moja tu aibebe mpaka mwisho, kama abiria aliyepakatishwa mzigo wa wenyewe kwenye matatu. Kisilu ana hisia nyingi, na zinagongana.

Hapo Dahr anastahili sifa, na sitaki kuzibania. Ni mwongozaji gani aliyesafiri kilomita maelfu ambaye anakubali kwamba picha za mtu asiyewahi kukanyaga chuo cha filamu zina nguvu kuliko za kwake, kisha anazijengea filamu? Pia alifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: jina la Kisilu limo kwenye uongozaji wa filamu. Linakuja baada ya la Dahr, ndiyo. Lakini limo. Nitarudi kwenye hili la majina.

Tulipofika katikati, mama aliongea Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, ili mimi nielewe vizuri.

"Huyo mwanamke ndiye ameshikilia boma," alisema. "Mzee akipanda ndege, maji yanatekwa na nani?"

Alikuwa anamwongelea Christina, mke wa Kisilu. Na kama mhakiki nilijikuta nimepitwa na mtu aliyekuwa na sukuma mapajani, kwa sababu mimi nilikuwa nimeziandika kurasa mbili za daftari kuhusu pembe za kamera.

Filamu inamwona Christina, hilo lazima lisemwe. Kadiri mume wake anavyozidi kuwa mtu wa mikutano, ndivyo mzigo wa nyumbani unavyomlalia yeye, na uhariri haukulificha hilo. Lakini kumwona mtu si sawa na kumfuata. Hadithi ikifika uwanja wa ndege, inapanda na Kisilu. Christina anabaki na ng'ambo nyingine ya hadithi, ile isiyo na jukwaa.

Linganisha na Softie ya Sam Soko, iliyotoka mwaka 2020. Nayo ni filamu ya mwanamume anayetaka kuokoa kitu kikubwa kuliko nyumba yake: Boniface Mwangi, mpiga picha aliyegeuka mwanaharakati, akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Nayo ilichukua miaka. Lakini pale mke wake Njeri anapolazimika kuondoka nchini na watoto kwa sababu ya vitisho, filamu haimwachi mlangoni. Swali la kama nchi inaweza kutangulia familia linatoka mdomoni mwake, na Boniface hana jibu safi. Ukimaliza Softie hujui umpende nani zaidi. Ukimaliza Thank You for the Rain unampenda Kisilu, na Christina unamhurumia. Hapo ndipo filamu hizo mbili zinapoachana.

Sisemi kwamba Mkenya anaona na Mnorwei haoni. Hiyo ni hoja ya uvivu. Ninachokisema ni umbali. Mtu anayeishi Nairobi anaweza kufika Jumanne usiku nyumba ikiwa na ugomvi, akakaa jikoni, akaelewa neno lililosemwa kwa mafumbo. Mtu anayekuja kwa ndege anafika kwa ratiba, na ugomvi wa nyumba haufuati ratiba. Dahr alilijua hilo nadhani, ndiyo maana kamera ilibaki Kitui. Lakini kamera ilibaki mikononi mwa baba wa nyumba, na baba wa nyumba, hata akiwa mtu mzuri kiasi gani, ana mambo ambayo hawezi kuyaona akiwa kwake.

Sehemu ya Ulaya ndiyo dhaifu kwangu. Huko Kisilu anarudi kuwa mgeni anayetazamwa. Mtu anayeisoma mvua kwa harufu anazungukwa na watu wenye vitambulisho shingoni na lugha ya vifungu na mabano. Inauma kuangalia, na inafaa iume. Lakini nilikuwa na swali ambalo halikunitoka. Norwei imekuwa ikichimba mafuta baharini tangu miaka ya 1970, na utajiri wake mwingi umetoka humo. Nchi inayouza mafuta na gesi ndiyo pia nchi yenye hela ya kumpa mtengeneza filamu miaka 5 ya kuonyesha mkulima wa Kitui anavyonyimwa mvua. Simlaumu Dahr kwa mafuta ya serikali yao, kama ambavyo nisingependa mtu anilaumu mimi kwa madeni ya yetu. Ila ningelipa bando langu lote kuona filamu ambayo Kisilu, na kamera yake ileile, anaenda kuwahoji watu wa huko kuhusu shamba lao la baharini.

Waswidi waliwahi kufanya kitu kinachokaribia hicho, bila kukusudia. Mwaka 2014 Göran Olsson alitoa Concerning Violence, filamu aliyoiunganisha kutoka kwenye hifadhi za televisheni ya Uswidi: picha ambazo wanahabari wao walizipiga Afrika wakati wa vita vya ukombozi, zikisindikizwa na maneno ya Frantz Fanon kutoka kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Viumbe Waliolaaniwa. Lauryn Hill ndiye anayesoma. Kuna sehemu iliyopigwa Tanzania. Wamisionari wawili wa Kiswidi, mke na mume, wanajenga kanisa. Mwandishi, Mswidi mwenzao, anawauliza kuhusu shule na hospitali. Kanisa kwanza, ndilo jibu. Wanajibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaokunyima raha kwenye kiti.

Naipenda sehemu hiyo kwa sababu kamera ya Skandinavia imegeuzwa kuwatazama Waskandinavia. Lakini ukiiona mara ya pili, macho yako yanahama. Yanawatafuta wale wanaofanya kazi ya ujenzi. Mahojiano ni ya wamisionari. Jembe na jasho ni vya watu ambao hatutayajua majina yao, na sasa imepita miaka mingi kiasi kwamba huenda hakuna wa kuyakumbuka. Hata filamu inayopinga ukoloni kwa kila fremu inarithi ukimya wa picha ilizozikuta.

Nitasema kwa nini mambo ya majina yananishika shingo namna hii.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Baadaye nikapata kazi ya siku 3 na wageni waliokuja kutengeneza dokumentari, na sitawataja wala nchi yao, kwa sababu wengi wangeweza kuwa wao. Kazi yangu ilikuwa ile wanayoiita ufiksa: kuwatafutia watu, kutafsiri, kuongea na vijana wa kona ili kamera isipotee, kujua ni saa ngapi ni salama. Walinilipa shilingi 2,500 kwa siku. Kwangu ilikuwa doo.

Siku ya pili tulikaa na mama mmoja Dandora anayechambua plastiki. Tulimuita shosho, kwa heshima. Alijibu maswali yao yote, kuhusu moshi, kuhusu kifua, kuhusu bei ya kilo. Mwisho akauliza la kwake. Aliniangalia mimi, siyo wao, akasema: "Na hawa wakimaliza, mimi nabaki na nini?"

Walisubiri nitafsiri. Nikawaambia anauliza kama mtarudi tena Kenya.

Walitabasamu. Wakasema wangependa sana. Nikamgeukia nikamwambia, "Shosho, wanasema wanashukuru." Nilitaka kazi ya siku ya tatu. Nilitaka pia nambari zao, ili nikiitwa siku nyingine niitwe. Hakuna aliyenilazimisha.

Filamu ilitoka. Niliona picha zake mtandaoni, kwenye tamasha la mbali. Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya mwisho, na la shosho halikuwemo pia, ingawa uso wake ulikuwa kwenye bango. Hakuna aliyetutumia kopi. Mwaka mmoja hivi baadaye tulikutana steji, amebeba gunia, akanishika mkono akaniuliza, "Sinema yetu ilienda wapi?" Alisema yetu. Nilimdanganya tena.

Kwa hiyo ninapokaa hadi mwisho wa filamu kusoma majina yanayopanda, sifanyi hivyo kwa adabu. Natafuta watu kama sisi.

Kuna filamu moja inayoonyesha kwamba hata kutotajwa kunaweza kuwa na maana. The Act of Killing ya Joshua Oppenheimer, ya mwaka 2012, ilitengenezwa na kampuni ya Denmark, Final Cut for Real, kuhusu wauaji wa miaka ya 1965 na 1966 nchini Indonesia. Mmoja wa waongozaji wenza hana jina, na kwenye orodha ya mwisho Waindonesia wengi waliofanya kazi hiyo nao hawana. Walifichwa kwa sababu wangeweza kudhurika. Orodha hiyo inatisha kuliko sehemu nyingi za filamu yenyewe, maana kila nafasi tupu ni mtu aliyefanya hesabu ya maisha yake.

Hatari ya namna hiyo si ngeni Nairobi. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa hapa kuhusiana na Blood Parliament, dokumentari ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi bungeni Juni 2024, na BBC ikasema hawakuhusika katika kuitengeneza. Kuna siku jina likiondolewa ni ulinzi. Lakini shosho wa Dandora hakuondolewa ili alindwe. Uso wake ulibandikwa ukutani mji mwingine. Ni jina tu lililoonekana halina kazi.

Sasa turudi Skandinavia, kwa sababu kuna kitu huko ambacho vijana wa hapa wanakihusudu, na nadhani wanakihusudu kwa sababu isiyo sahihi.

Wasee wangu wanaotengeneza filamu mtaani, kwa simu na taa ya kuazima, wanapenda Dogme 95. Mnamo 1995 Lars von Trier na Thomas Vinterberg, Wadenmark wawili, walitoa kiapo cha kutengeneza filamu: kamera ishikwe mkononi, pasiwe na taa maalum, vifaa visiletwe kutoka nje ya mahali mnapopigia, muziki usibandikwe juu, na jina la mwongozaji lisitajwe. Festen ya Vinterberg, ya mwaka 1998, ilitoka humo na bado inauma. Ukiwa Umoja au Kariobangi ukisoma masharti hayo unacheka kwanza. Kamera mkononi? Hatuna stendi. Bila taa? Stima yenyewe ni ya bahati. Wenzetu waliapa kukosa. Sisi tunakosa bila kuapa.

Kwa hiyo rafiki yangu mmoja akaniambia, "Basi sisi ndio Dogme halisi." Ni utani mzuri, lakini nadhani unatudanganya. Von Trier na Vinterberg waliweza kuvitupa vifaa kwa sababu walikuwa navyo. Nyuma yao kulikuwa na nchi yenye shule ya filamu ya umma na, tangu 1972, taasisi ya filamu inayotoa hela za walipa kodi kwa filamu zisizo na hakika ya kurudisha chochote. Kitu cha kuhusudu si kamera yao inayotikisika. Ni muda. Dokumentari nzuri karibu zote nilizozitaja hapa zilikaa na watu wake kwa miaka. Miaka 5 si ustadi wala kipaji. Ni kodi ya nyumba iliyolipwa na mtu mwingine miezi 60 mfululizo ili wewe usubiri mvua inyeshe au isinyeshe.

Hapa kwetu muda huo unatoka wapi? Kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge kwa ajili ya watengenezaji wa dokumentari wa Afrika Mashariki, na umebeba zaidi ya uzito wake. Halafu kuna hela za nje. Norwei ina mfuko unaoitwa Sørfond, unaosaidia filamu za nchi za Kusini mradi mtayarishaji mkuu awe wa huko Kusini na awe na mshirika wa Norwei. Soma sharti hilo vizuri: mtayarishaji mkuu awe wa kwetu. Ni bora kuliko mfumo wa mgeni na fiksa. Bado mlango unafunguliwa kwa funguo mbili, na moja iko Oslo.

Kabla hujakasirika na Oslo, kumbuka Rafiki ya Wanuri Kahiu. Norwei ni miongoni mwa nchi zilizoshirikiana kuitengeneza. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na mwaka huohuo bodi yetu ya filamu ikaipiga marufuku, mpaka mahakama ilipoiruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Hela ya mgeni iliisaidia kuzaliwa. Serikali yetu wenyewe ikaifungia mlango. Nikiwa mkweli, sheria yetu inajua kumtaka mtengeneza filamu leseni kuliko inavyojua kumpa mwezi mmoja wa kufikiri.

Ndiyo maana siwezi kuandika uhakiki wa kusema wazungu waache kuja. Dahr asingekuja, sisi tusingeijua shajara ya Kisilu, na mama yangu asingekaa jioni ile akiongea na mtu wa kwao kupitia laptopu ya mkopo. Ninachotaka ni kipimo kigumu kuliko nia njema, maana nia njema wamisionari wale wa Concerning Violence walikuwa nayo tele. Kipimo changu kina maswali matatu. Kamera ilibaki na nani mgeni alipoondoka? Majina yameandikwa wapi, na kwa mpangilio gani? Filamu ilirudi nyumbani kuonyeshwa kwa wenyewe?

Kwa swali la kwanza Thank You for the Rain inapita vizuri kuliko karibu zote ninazozijua. Kwa la pili inapita kwa sehemu, na Christina angekuwa na haki ya kuongeza la kusema. La tatu ni letu sote. How to Build a Library ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Sundance Januari 2025, inasimulia kazi ya kuzifufua maktaba za umma za Nairobi. Mbili kati ya hizo ziko upande wetu, Kaloleni na Makadara. Kuna viti, kuna ukuta mweupe. Ningependa Jumamosi moja filamu ya Kisilu ionyeshwe hapo, kwa wale waliohama Ukambani mahindi yalipokauka na watoto wao wasiojua Kikamba, na baada yake watu waongee mpaka askari wa lango achoke.

Filamu ilipoisha kejani, mama aliinuka akaenda kuwasha jiko. Sukuma zilikuwa zimeanza kunyauka. Akaniuliza kama yule mama wa Kisilu alilipwa chochote. Nikasema sijui. Akasema, "Ungeuliza. Si ndiyo kazi yako?"

Nikiitwa tena kwenda na kamera Dandora, nitaenda, kodi ni kodi. Lakini shosho akiuliza anabaki na nini, nitalitafsiri swali lake jinsi alivyoliuliza, neno kwa neno, halafu ninyamaze nisubiri jibu pamoja naye.